Muthama Ndululu na Stensili ya Mwisho

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu Jumatatu ile ya baridi, tarehe kumi na sita Julai 1990, ulipoomba chai ya rangi, ukasema ni ya moto mno, na kabla haijapoa ukawa umeshaondoka. Mama aliimwaga mwenyewe nyuma ya jikoni, na kikombe kile hajakitumia mtu mpaka leo.

Tangazo hili hatukulipeleka gazetini. Wewe hukuwahi kumpelekea mtu kitabu chako akuchapie, kwa hiyo na sisi tumelichapa hapa nyumbani Kwa Vonza, kwa mashine yako ya kurudufu, na wino umetupaka mpaka viwiko. Anayeandika ni mimi Kisilu, mwanao wa kwanza, yule uliyesema mwandiko wake ni kama kuku amepita. Ilipasa aandike dada yangu Mutindi, mpiga taipu wako. Amekataa kwa sababu habari yenyewe ni yake. Mwaka mzima Mutindi amelala na kuamka na swali moja, kama ni vidole vyake vilivyokuua. Leo tunataka ulisikie jibu, na majirani nao walisikie.

Wapo watakaosoma haya bila kukujua, basi utusamehe tukianza mbali.

Kwetu jina hutembea kwa watoto. Babu akiondoka, mjukuu analibeba, na mama anamwita mtoto wake mwenyewe "baba" bila kucheka. Lakini mdogo wako Kivuva alikufa mwaka wa 1961, katika njaa ile ambayo chakula kiliangushwa na ndege. Alikuwa na miaka tisa. Wazee wakasema jina la mtoto aliyeuawa na njaa asipewe mtoto mwingine, nalo likabaki nje bila mwenyewe. Wewe ulikuwa mwalimu kijana wa darasa la nne. Ukachukua daftari, ukaandika kwamba Kivuva anaingia darasani amechelewa, miguu ina vumbi, na mwalimu hamgombezi. Ulitwambia hukujua unaanza kitabu. Ulidhani unamwekea alama ya "yupo" kwenye rejista.

Habari ikaenea kama habari zinavyoenea Ukambani, yaani kabla hujafika sokoni imekutangulia. Akina mama wakawa wanakusimamisha njiani. "Mwalimu, wangu naye alikufa hajaoa, hana wa kubeba jina. Utamwandika?" Nawe hukumkatalia mtu. Ulipanda baiskeli yako, biro umeichomeka kwenye soksi kwa sababu mifuko ya shati ilikuwa imeharibiwa na wino, ukaenda kwao ukala muthokoi wao. Uliuliza maswali matatu tu: alimwitaje mama yake, aliogopa nini, na alikula kwa mkono gani. Ukatoka bila kuandika neno.

Kazi ilifanyika nyumbani, mchana, chai haina maziwa. Mbele ya meza yako uliweka kiti kitupu, na sisi watoto tulikatazwa kukikalia. Mutindi alikikalia mara moja, ana miaka saba, ulipokwenda kuchota maji. Aliruka kama aliyekalia kaa la moto. Alisema kiti kilikuwa na joto, la mtu aliyeinuka sasa hivi. Hukumchapa. Ulimuuliza tu kama alikuwa ameomba radhi.

Tulipokuuliza mambo yale unayatoa wapi, ulijibu, "Mimi siandiki. Mimi naita. Akiitika, nafuata anakonipeleka." Tulicheka, lakini kila mmoja alichekea upande wake. Kwa sababu tulikumbuka ya Mama Kaluki, aliyesoma katika kitabu chako kwamba marehemu binti yake alificha kikuku cha shaba chini ya jiwe la tatu la jikoni. Mama Kaluki hakuwahi kusikia habari ya kikuku. Alienda akainua jiwe, akakikuta kimeshika kutu ya kijani. Alikuletea jogoo, akakuachia mlangoni, hakuingia ndani.

Pasta wetu alihubiri Jumapili mbili mfululizo juu ya mambo ya aimu, roho za wafu, bila kukutaja, huku akikutazama wewe. Ulimngoja nje ukamwambia, "Pasta, hata Biblia imejaa majina ya watu waliokufa, nasi tunaisoma kwa sauti." Tangu hapo alinyamaza, na mwaka uliofuata alikuletea jina la kaka yake.

Vitabu ishirini na vitatu, Baba, na hakuna kilichopita mkononi mwa mchapaji. Mashine ya kurudufu uliipata mwaka wa 1971 kwa wamishenari waliokuwa wanarudi kwao, ukaifunga kwenye baiskeli, ukaisukuma siku nzima. Mama alishona kurasa kwa uzi wa katani. Mimi nilipofungua duka Malili ulikuwa unakuja na mfuko mgongoni, ukiwauzia madereva wa malori yanayokwenda Mombasa, na wengi walinunua kwa sababu waliogopa kutonunua. Mutindi ulimfundisha taipureta amefungwa macho kwa leso. Ndiyo maana ofisi ya Kitui mjini ilimchukua hata kabla hajamaliza kujieleza. Kila Jumamosi alirudi nyumbani kukukatia stensili, zile karatasi za nta ambazo taipureta inazitoboa herufi ili wino wa mashine upite.

Na hapo ulikuwa na sheria moja. Kwenye daftari, ulisema, jina limelala tu, unaweza kulifuta, unaweza kuliamsha. Kwenye stensili herufi inatoboa. Jina likishatobolewa limekwenda, maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hiyo hukukubali hata siku moja kukatwe jina la mtu aliye hai.

Januari 1989 akaja mama mmoja kutoka Tseikuru, jina lake Mbinya, amepanda lori la mbuzi, nguo zote zinanuka mbuzi. Alikaa kwenye ngazi akasema, "Mwalimu, kijana yangu Musembi alikufa huko juu na ng'ombe za watu, mwaka wa sabini na saba. Hakuoa. Nimechoka kumbeba peke yangu." Ukamuuliza maswali yako matatu. Akajibu mawili. La kwanza, alimwitaje mama yake, alijaribu kulijibu akashindwa, akafunika uso kwa leso.

Ulianza kitabu. Sura ya kwanza mpaka ya tisa zilikuja vizuri, Musembi akigombana na baba yake, akiondoka na wafanyabiashara wa mifugo, akivuka Tana, akifika kwenye kisima kirefu ambacho wachungaji wanashuka ndani wakipokezana ndoo. Mutindi akazikata zote tisa. Ilikuwa imebaki ya kumi, ile ya kufa, maana vitabu vyako vyote viliishia pale mwenye jina alipoishia.

Ndipo siku moja mama yetu akakukuta umesimama, umekishika kile kiti kitupu kwa mikono miwili, uso umekuwa wa majivu. Ukamwambia, "Kalunde, huyu anapumua."

Ukakirudisha kiti mahali pake. Mwezi wa nne wa 1990 Mzee Keinan, mfanyabiashara wa mifugo anayepitia Tseikuru, alisimama hapa kunywa maji, nawe ukamuuliza kama amewahi kukutana na Mkamba anaitwa Musembi. "Musembi mwenye kovu hapa?" akagusa nyusi. "Wallahi, huyo iko hai. Anachungia ndugu yangu ngamia, ng'ambo ya Tana. Sasa mguu yake moja imekuwa mbaya tangu mwaka jana, hakuna anayejua sababu." Ukauliza kisima kikoje. Akakieleza, ndoo, ngazi za mawe, jiwe lenye alama tatu mdomoni. Mutindi alikuwa pale. Kila alichosema Mzee Keinan alikuwa amekwisha kukipiga taipu yeye mwenyewe, Jumamosi moja, katika sura ya tisa.

Ulimwita Mbinya. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hatumlaumu, lakini siku ile tulimwogopa. "Nilidanganya, Mwalimu," alisema. "Miaka kumi na mbili watu wananiuliza, Musembi atarudi lini? Nikaona afadhali afe. Mtu amekufa, hawakuulizi. Nilitaka tu nilale."

Ukajaribu kumrudisha. Tulikuona. Ulikuwa ukimwandika Musembi anakaribia boma la mama yake, na biro inakauka. Unabadilisha biro, inakauka. Ukimwandika yuko kisimani, wino unatiririka mpaka unapita mstari. Mara tatu ulimfikisha mpaka Tseikuru, na mara tatu asubuhi yake ukurasa ulikuwa na mikwaruzo mitupu isiyosomeka, hata wewe mwenye mwandiko hukuisoma. Ulimwambia mama yetu kwamba sura tisa zimekwisha kutobolewa na kisima kimeshaitisha mtu, hakitarudi mikono mitupu.

Mwezi wa sita ukaanza kukohoa. Hospitali walipima hili na lile, hawakuona kitu.

Alhamisi, tarehe kumi na mbili Julai, Mutindi alikuwa ameomba ruhusa kazini aje kukuuguza. Ukampa daftari la sura ya kumi. Ukamwambia akate leo, asingoje Jumamosi. Aliketi na taipureta pale dirishani, akafungua, na akaona kwamba popote palipopaswa kuwa Musembi, umeandika Muthama, jina lako mwenyewe. Muthama anashuka ngazi za mawe. Muthama anapokea ndoo. Mara kumi na moja, kwa biro ya buluu, herufi zimenyooka.

Mutindi si mjinga. Alijua unafanya nini. Alikutazama kitandani, ulikuwa umegeukia ukuta, bega limebaki mfupa. Akafikiri juu ya mtu asiyemjua, mwenye kovu, ambaye hata mama yake alikuwa ameshamlilia akamaliza. Akapiga taipu sura yote, na kila alipofika kwenye jina lako akapiga Musembi. Mara kumi na moja. Anasema hakuwahi kupiga taipu safi namna ile, hakukosea herufi moja. Akaiviringisha stensili, akaiweka juu ya kabati, akaenda kukupikia uji. Na wewe, Baba, jioni ile ulikula bakuli mbili. Kikohozi kilikuwa kimekatika. Uliongea mpaka ukamtania mama kuhusu mahari. Tulifurahi, tulidhani ni dawa.

Asubuhi ya Ijumaa ukaomba stensili. Uliishika dirishani kwenye mwanga, kama ulivyozishika zote, ukasoma kuanzia juu hadi chini. Mutindi alisimama mlangoni. Alingoja umfokee. Hukumfokea. Ulisema, "Mutindi, nipe dawa ya kufutia." Ile nyekundu ya kuziba matundu ya herufi, inayonuka kama rangi ya kucha. Ukapaka jina la kwanza, ukalipuliza mpaka likakauka. Ukapaka la pili. Ulipofika la saba kikohozi kilikuwa kimerudi, na matone ya dawa yakadondoka shukani. Ukamaliza yote kumi na moja. Kisha ukamrudishia.

"Sasa piga ilivyo daftarini, jina halitoki mpaka jingine likae mahali pake."

"Baba, siwezi."

"Unaweza. Nilikufunga macho kwa leso ujue kupiga bila kutazama. Usitazame."

Akapiga. Anasema mpaka leo anasikia mlio wa herufi ile ya kwanza ikitoboa. Siku ya nne ukaondoka. Mutindi hakumwambia mtu, si mimi, si mama. Alirudi kazini Kitui, na wenzake wanasema alikuwa akifika kwenye neno linaloanza kwa M anatulia kwanza.

Oktoba, Musembi akatembea mpaka kwa mama yake Tseikuru. Mguu ulikuwa umepona. Mbinya alipomwona langoni alichukua kwanza kijiti akamgusa nacho, kuhakikisha. Musembi alikuja hapa mara mbili kutoa pole, na mara zote mbili Mutindi alikuwa amepata kazi ya haraka mjini. Majirani wakaanza kusema maneno yao, kwamba anayekimbia ana anachoficha. Lisemwalo lipo.

Jumapili iliyopita tulifanya maombi yako ya mwaka. Pasta aliomba kwa muda mrefu, na muthokoi ukapoa. Musembi alikuja na Mbinya, na safari hii Mutindi hakuwa na pa kukimbilia, alikuwa ameshika sufuria. Baada ya chakula Pasta akamwomba mgeni aseme neno. Musembi ni mtu mpole, Kikamba chake kimeingiwa na Kisomali, akapendelea Kiswahili. Akasema:

"Mimi sikumjua huyu mzee. Lakini niwaambie kitu ilinipata mwaka jana, mwezi wa saba. Ilikuwa Alhamisi mchana, niko kisimani, natoa maji. Nikasikia kitu inanidunga hapa kifuani, kama sindano, tena, tena, tena. Nikahesabu mpaka kumi na moja. Nikaanguka. Watu wa Keinan wakaniweka kivulini, hakuna pumzi, hakuna mshipa. Wakasema amekufa, tumzike asubuhi mapema, ni Ijumaa, kuna sala. Asubuhi wakachimba. Wakaanza kunimwagia maji ya kuniosha. Basi nikanusa kitu kali, sijawahi kunusa, nikapiga chafya. Mzee aliyekuwa anamwaga alikimbia na birika."

Watu wengine walicheka. Mzee Keinan, aliyekuwa amekaa karibu na Pasta, hakucheka. Alitikisa kichwa akasema, "Ni kweli. Kaburi tulifukia tupu."

Mutindi aliweka sufuria chini. Alikwenda akasimama mbele ya Musembi akamwambia, hapo hapo, mbele ya kanisa zima, "Ni mimi. Mimi nilikupiga. Nilitaka ufe wewe, baba yangu apone." Na akaeleza yote kama nilivyoyaandika hapa. Hakuacha kitu, hata ule uji wa bakuli mbili.

Musembi alimsogelea. Akajigusa kifua. Akasema, "Dada, hata mimi kama ningekuwa na baba kama huyo, ningepiga hivyo." Mbinya akaongeza kwa sauti ndogo, "Na mimi je, niliyeleta jina lake kwa mkono wangu?"

Lakini Mutindi hakuwa amemaliza. Alimgeukia mama. "Hilo ni la Alhamisi. La Ijumaa ni baya zaidi. Mwaitu, jina la baba nililipiga mimi, mara kumi na moja, naye ananitazama. Kama ningekataa angekuwa hapa."

Hilo ndilo lililokuwa likimla mwaka mzima, Baba. Si la mtoto wa watu. Ni hili.

Na mama, ambaye tangu uende hajasema juu yako zaidi ya maneno kumi, alinyanyuka kwenye kiti chake cha kamba. Alimshika Mutindi mikono yote miwili, akaigeuza, akavitazama vile vidole kana kwamba anatafuta mwiba.

"Aliniomba mimi kwanza," mama akasema. "Kabla hajakuita wewe. Juma zima alinibembeleza, Kalunde sema umekubali, nisiende kama mwizi. Nikamwambia sikubali, mtoto wa Mbinya si wangu, nenda zako na vitabu vyako. Hata ile Jumatatu alininyooshea mkono nikajifanya napoza chai. Wewe ulimpa alichoomba, Mutindi. Mimi ndiye niliyemnyima."

Akalia, mama yetu, ambaye hatukumwona akilia makaburini. Mutindi akalia naye. Wanawake wa Kwa Vonza wakawazunguka, na sisi wanaume tukatoka nje kutazama baiskeli ambayo haikuwa na ubovu wowote.

Jumatatu asubuhi Mutindi aliifunga stensili ya sura ya kumi kwenye mashine, ile ile, yenye madoa mekundu kumi na moja, na mama ndiye aliyezungusha mkono wa mashine. Hakutaka kusaidiwa. Nakala mia mbili. Kitabu chako cha ishirini na nne kimetoka, Baba. Jana nilipita chumbani nikamkuta Mutindi amelala mchana, mdomo wazi, kama mtoto, na nikafunga mlango polepole.

Wanaokukumbuka ni mkeo Kalunde. Wanao Kisilu wa Malili na Mutindi. Ukoo wote wa Ndululu, Kwa Vonza. Pamoja na Mbinya na mwanawe Musembi wa Tseikuru, walioomba kwa heshima waandikwe pamoja na familia, nasi tukakubali. Kumbukumbu yako itakaa nasi siku zetu zote.

Mama ameniambia nisiweke kalamu chini kabla sijaandika maneno yake, yale uliyoyangoja juma zima. Ameyasema akiwa amesimama nyuma yangu, mkono wake begani kwangu:

"Muthama, nenda salama. Nimekubali."